Usimbaji wa mtandao kwenye CCN: una faida pale njia zinapokuwa nyingi

Mkuu, umeuliza kama kuchanganya pakiti njiani (ndio usimbaji wa mtandao) kunaharakisha kweli data kwenye CCN (Content-Centric Networking, mtandao wa kuomba maudhui kwa jina) au ni hesabu za makaratasi tu. Nilihangaika nalo kwenye simuleta ya ndnSIM wakati wa tasnifu yangu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwa wageni wa mada: kwenye CCN, iliyoelezwa na Van Jacobson na wenzake mwaka 2009, humwombi seva, unaomba jina la kitu, na ruta yoyote yenye nakala inakujibu. Shida inaanza simu yako ikiwa na njia mbili, tuseme Wi-Fi na bando. Kipande cha 7 cha video ukiombe wapi? Ukiomba kote, kinakuja mara mbili. Ukigawa maombi, inabidi ujue nani ana nini, na hujui.

Usimbaji unalifuta swali hilo: unaomba mchanganyiko wowote wa vipande vya video ile. Tuseme kipande A ni 0101 na B ni 0011. Ruta inapiga XOR (biti zikifanana ni 0, zikitofautiana ni 1), inatuma 0110. Mwenye A anapata B, mwenye B anapata A, kwa pakiti ileile moja. Kwenye kazi halisi vipande huzidishwa kwa namba za nasibu kabla ya kujumlishwa: fungu la vipande 32 linahitaji michanganyiko 32 isiyotegemeana, itoke popote, kisha unatatua milinganyo.

Kwenye njia moja isiyopoteza pakiti sikuona faida yoyote, ni kuichosha prosesa bure. Njia zikiwa kadhaa na watazamaji wengi, hapo ndipo inalipa.

Ila ruta ya CCN ya kawaida itakuangusha. Maombi mawili ya jina moja inayaunganisha, yote yanajibiwa mchanganyiko uleule, na wa pili haukusaidii kitu. Lazima ihesabu ilichokwisha kutuma kila upande.

Kichwa hasa kinauma kwenye saini. Kila pakiti ya data husainiwa kidijitali na mwenye maudhui. Ruta ikichanganya upya, saini ile haifai tena. Mhuni mmoja akipenyeza pakiti mbovu, fungu zima linaharibika. Saini za homomofia (zinazobaki halali hata pakiti zikichanganywa) zipo, lakini ni nzito. Waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 9273 wa mwaka 2022 unazijadili changamoto hizi, usome kabla hujaandika kodi.

Ningekuwa wewe ningeanza na usimbaji wa chanzo: mwenye video achanganye na kusaini mwenyewe, ruta zisiguse kitu. Utapoteza sehemu ya faida, hasa pakiti zikipotea katikati ya safari ndefu, lakini utakuwa na mfumo unaoweza kuukagua.