Jibu: Afishi ya poda kwa watu wa ngozi zote

Dada wa Kadutu, umeuliza kama kuweka mtu mwenye ualbino na mama mwenye ngozi nyeusi sana kwenye afishi ya poda yako kunatosha. Hakutoshi. Anza na bidhaa yenyewe. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipoingia sokoni mwaka 2017, kipodozi chake cha kusawazisha uso kilikuwa na rangi 40. Aliyejiona kwenye tangazo aliweza kuikuta rangi yake dukani. Ukiwa na rangi tatu, onyesha watu wa rangi hizo tatu. Mteja akiikosa yake baada ya kuiona kwenye afishi, harudi.

Picha ndiyo inayoharibu wengi. Ukuta mweupe huifanya simu ipunguze mwanga, na uso mweusi unapotea kabisa. Wapange watu wako kivulini (jua kali humuumiza macho mwenye ualbino), nyuma weka kitambaa cha rangi ya udongo, kisha gusa uso mweusi zaidi kwenye skrini ndipo upige. Uso mweupe ukizidiwa na mwanga pichani, piga kila mmoja peke yake.

Angalia pia mfuatano wa watu kwenye video. Mwaka huo huo wa 2017 Dove, watengenezaji wa sabuni, waliomba radhi kwa video fupi ya Facebook: mwanamke mweusi anavua fulana, mahali pake anatokea mwanamke mweupe, na wengi wakaona kama mweusi anasafishwa awe mweupe. Kwa hiyo ukitengeneza video, ionyeshe kwanza bila sauti kwa watu wa ngozi hizo, wasio jamaa zako.

Na walipe wote sawa, kwa karatasi inayosema afishi itabandikwa wapi na kwa miezi mingapi.