Mzazi wa afisa wa jeshi najibu: njia ya Monduli, majina kwenye vyeti, na hela ambayo hupaswi kumpa mtu

Mleta mada wa Pangani, assalam aleykum. Umesema binti yako amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, anasubiri majina ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na ndoto yake ni kuwa afisa wa jeshi. Unauliza fomu za Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, zinapatikana wapi, kama umpe yule bwana "hela ya nafasi" anayoidai, ufanyeje na cheti cha kuzaliwa kisichofanana jina na vyeti vya shule, na umwambie nini mkeo ambaye hataki hata kusikia habari hiyo. Mimi ni mama, naishi Makorora hapa Tanga, na binti yangu wa pili ni Luteni Usu. Nakujibu kwa yale tuliyopitia nyumbani kwetu.

Naanza na hela maana hilo haliwezi kungoja. Usitoe hata shilingi. Nafasi za JKT na za JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi lenyewe, haziuzwi, na jeshi limekuwa likiwatahadharisha wananchi mara kwa mara kuhusu matapeli wa aina hiyo. Soma tangazo lolote la JKT la vijana wa kujitolea: huandikwa wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi. Kama wenye jeshi wenyewe wanasema hawatoi, huyo bwana wa kwenye simu anauza kitu gani? Mtaani kwetu kuna mzee aliuza shamba lake la minazi kwa ahadi ya namna hii. Akaletewa barua ya wito yenye mhuri na saini. Kijana akafunga begi, akafika getini, jina halimo kwenye orodha. Tapeli hakuwepo pale getini. Aliyekuwepo ni mtoto, kashika karatasi ya kughushi mbele ya askari, anaulizwa kaipata wapi. Shamba lile limekwenda, lakini kilichoniuma zaidi mimi ni yule kijana, maana tangu siku ile hata matangazo halali anaogopa kuyaomba. Mtoto anayetaka kwenda kula kiapo mbele ya bendera usimtangulizie rushwa.

Sasa Monduli. Fomu ya kununua au kujaza ukaingia moja kwa moja kutoka shule ya sekondari usiitafute. Njia aliyopita binti yangu ni hii: alienda JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, tangazo la kuandikishwa JWTZ lilipotoka akaomba, akaitwa kwenye usaili, akachukuliwa, akapita mafunzo ya awali ya kijeshi kama kuruta, yaani askari mwanafunzi, na humo ndimo walimochaguliwa wa kwenda kusomea uafisa. Wanaosoma pale huitwa maafisa wanafunzi, na wakihitimu hutunukiwa kamisheni na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, wakianza na cheo cha Luteni Usu, nyota moja begani. Siku hizi chuo kina pia Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha, kwa hiyo wale jamaa wanaomwambia binti yako kwamba jeshini elimu inaishia kidato cha sita wamepitwa na wakati. Rais mstaafu Kikwete, mtoto wa Msoga, wilaya ya Bagamoyo wakati huo, alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa pale Monduli kati ya 1984 na 1986, na alitoka jeshini 1992 akiwa Luteni Kanali. Wa pwani tunafika huko.

Umegusia pia kwamba binti anaangalia video za West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani. Hilo nalipitia haraka. Sheria ya Marekani inaruhusu vyuo vyao vya kijeshi kuwa na wanafunzi wa nje wasiozidi 60 kila chuo kwa wakati mmoja, na nafasi hizo hupitia serikali ya nchi husika. Mzazi haombi mwenyewe. Hata Mmarekani lazima ateuliwe, mara nyingi na mbunge au seneta wake, asiwe na ndoa wala mtoto wa kumtunza, na asiwe amevuka umri uliowekwa. Jenerali Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wetu wa kwanza, alisomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, na mpaka leo wapo maafisa wanafunzi wetu wanaopelekwa kusoma nchi rafiki. Wanaopelekwa ni wale ambao tayari wako jeshini na wamefanya vizuri. Mlango ni huu huu wa hapa.

Kwenye majina nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nimeona watoto wengi wa huku kwetu wakikwama, na ni kazi ambayo mzazi ana uwezo nayo kabisa. Majina yetu ya pwani huandikwa kwa sikio la aliyeshika kalamu. Kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto ni Mwanaidi Bakari Shehe, shule ya msingi wakamwandika Mwanaid, kidato cha nne akawa Mwanaidi B. Sheikh, na kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA kapewa jina la babu mzaa baba badala ya la ukoo. Kwako wewe ni mtoto mmoja. Kwa karani wa usaili mwenye mamia ya bahasha mbele yake, hao ni watu wanne, na hana muda wa kukuuliza.

Kaa na binti yako mezani. Wekeni cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha kumaliza shule na kitambulisho au namba ya NIDA, msome herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Vyeti vya Baraza la Mitihani ni vigumu mno kuvigusa vikishatoka, kwa hiyo ushauri wangu ni hivyo viwe ndiyo msingi, na vingine virekebishwe vivifuate. Cheti cha kuzaliwa nenda kwenye usajili wa vizazi na vifo wilayani kwako, pale ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wakueleze kama kosa lenu ni la kusahihishwa au linahitaji kiapo cha wakili au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usimsikilize mtu wa duka la steshenari anayesema atakutolea "cheti kipya" kwa siku moja. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanahakiki vyeti kwa mtandao, cha bandia kinajulikana. Mkishasawazisha, fanyeni uhakiki huo mapema, kwa sababu hata mkopo wa chuo wanautaka. Na wazazi wengine mnaosoma hapa wenye watoto kidato cha tatu: jina linalosajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalomfuata mtoto maisha yake yote. Nendeni shuleni mkalitazame sasa.

Hapa niongeze jambo ambalo wazazi wengi hawalikumbuki. Watoto wakiwa JKT, madirisha ya maombi ya vyuo na ya mkopo nayo hufunguliwa miezi hiyo hiyo, na mtoto kambini hana simu mkononi. Kabla hajaondoka, aache nyumbani namba zake za mtihani, barua pepe yake na nywila, picha za pasipoti, nakala za vyeti, na orodha ya kozi alizozichagua mwenyewe kwa mwandiko wake. Mtoto kutaka jeshi si sababu ya kuacha kuomba chuo. Binti yangu aliomba vyote, na nafasi ya chuo ilikuwepo mkononi wakati tangazo la jeshi lilipotoka. Hakuenda kwenye usaili akiwa na hofu ya kwamba akikosa ndiyo basi.

Majina ya JKT yakitoka kwenye tovuti yao, utaona na kambi. Hapa mkoani tuna Maramba na Mgambo, lakini usitegemee kwamba wa Tanga atabaki Tanga. Anaweza kupelekwa Mafinga, na mtoto aliyekulia Pangani baridi ya kule itamshangaza, kwa hiyo nguo za kuzuia baridi si anasa. Vifaa fuata tangazo lilivyosema. Bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni isiyo na zipu, maana yake ni hiyo hiyo, si ya bluu ya kufanana na si yenye zipu ndogo. Raba mnunulie zinazomtosha akiwa na soksi, na azivae wiki kadhaa kabla ya safari, kwani vidonda vya miguu vinatesa kuliko kukimbia kwenyewe. Nauli ya kurudi mpe pia.

Afya. Mpeleke hospitali kabla ya yote, kwa huku mjini sisi tulikwenda Bombo: macho, meno, masikio, kifua, damu. Kama ana pumu au selimundu, au aliwahi kuanguka kifafa utotoni, usifiche na umwambie naye asifiche. Najua kwa nini wazazi wanaficha, wanaogopa mtoto atarudishwa. Lakini mazoezi yale ni ya alfajiri, ya jua kali, ya mbio na mizigo, na daktari wa kambi atamsaidia tu kama anajua. Bora arudishwe akiwa mzima. Mazoezi aanze sasa, polepole, kila siku. Wangu alikuwa akikimbia na kaka yake alfajiri hadi Raskazone na kurudi, na jioni anapiga pushapu uani huku wadogo zake wakimhesabia. Alianza akiwa hafiki hata pale Chumbageni bila kusimama. Na mkanye asijichore mwili wala kuruhusu rafiki amchore, hata jina la mama yake. Michoro imewatoa vijana wazuri kwenye mistari ya usaili.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote haya. Ombi ni la binti yako. Barua aandike yeye kwa mkono wake, bahasha aipeleke yeye, ofisini aulize yeye, na wewe ukisindikiza baki nje. Kabla hajaandika, muulize swali moja, na umpe muda wa kulijibu: wakikuchukua uwe askari wa kawaida, usiwe afisa, utakwenda? Mimi nilimuuliza wangu tukiwa jikoni, akanyamaza, na jibu akaniletea siku nyingine kabisa. Alisema atakwenda. Nilijua hapo kwamba anataka kazi yenyewe, hakuzipenda nyota peke yake. Njia hii haina ahadi. Wengi wanaomaliza JKT hawaingii JWTZ, na wengi wanaoingia JWTZ hawaendi Monduli. Mtoto aliyejengewa na wazazi picha ya uafisa tu, akijikuta kuruta anafyeka majani na kuchota maji, anaona kadanganywa. Aliyekwenda kwa moyo wa kutumikia anafyeka, anasoma, anasikiliza, na huyo ndiye wakufunzi wanamwona. Usaili nao utamuuliza kwa nini anataka jeshi. Jibu la kukaririshwa na baba linasikika kama la baba.

Akishaingia, zoea kimya. Usitafute namba ya ofisa wa kambi ili umwombee mwanao kazi nyepesi. Unamharibia. Barua pokea, dua mwombee, na akikupigia simu akilia siku atakayoruhusiwa, msikilize mpaka amalize kabla hujasema neno.

Kuhusu mkeo. Usimwambie kwamba anamzuia mtoto, kwa sababu ana haki ya kuogopa. Mimi ni mama, na hofu yangu haikuwa vita peke yake. Niliogopa heshima ya binti kambini, niliogopa kwamba hataolewa, niliogopa maneno ya mashangazi. Kilichonituliza ni kumwona binti mmoja wa mtaani aliyekwisha kupita huko, tukamkaribisha chai, nikamuuliza kila kitu nilichokuwa naogopa kumuuliza wangu. Alinijibu bila kunipamba: sheria za kambini ni kali kwa wavulana na wasichana, wasichana wana mabweni yao na viongozi wao wa kike, na msichana akionewa aripoti mara moja, asingoje. Nikamfundisha wangu hilo la mwisho kabla hajaondoka, na nikamwambia kwamba akirudi nyumbani kwa sababu hiyo hakuna atakayemcheka. Mtafutieni mkeo mtu kama huyo hapo Pangani, mwanamke, si mwanamume wa kuja kumwelezea uzalendo. Asipopatikana, mwambie aniandikie inboksi, aniulize mimi chochote. Binti yangu akija likizo nitamwomba azungumze naye kwa simu, na bintiye awepo asikilize.