Maswali ya Wafugaji: Unga wa Kinga kwa Sato

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga sato katika mabwawa mawili ya turubai huku Kigamboni. Joto lilipozidi mwezi Februari, baadhi ya samaki walianza kuogelea wakizungukazunguka, macho yakawatoka nje, na wengi wakafa. Muuzaji wa pembejeo amenishauri nichanganye unga wa bakteria rafiki kwenye chakula. Je, unga huo unaponya, na je, hamira ya mikate inaweza kushika nafasi yake? (Mfugaji, Kigamboni)

JIBU: Ndugu mfugaji, pole sana kwa hasara. Unga huo hauponyi. Samaki anapougua, mara nyingi hupoteza hamu ya kula mapema, kwa hiyo chochote unachokichanganya kwenye chakula wakati huo huishia kwa wale ambao bado ni wazima. Dalili ulizozieleza zinafanana na za maradhi ya bakteria wa jamii ya Streptococcus, ambao hushamiri maji yanapopata joto, ingawa ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha.

Faida ya viongeza hivi ni kumwandaa samaki kabla ya hatari, na ndiyo maana ningekushauri uanze kuvitumia wiki tatu au nne kabla ya joto la Desemba. Bakteria rafiki kama Bacillus subtilis hujaza utumbo na kuwanyima wale wa maradhi nafasi na chakula. Hamira nayo inafaa kweli: katika jaribio lililofanywa kwa vifaranga vya sato nchini Misri na kuchapishwa mwaka 2008, gramu 1 ya hamira hai kwa kila kilo ya chakula ilitosha kuwaongezea ukuaji na kinga dhidi ya bakteria aina ya Aeromonas. Ukuta wa chembe za hamira una betaglukani, ambayo chembe nyeupe za damu huitambua kana kwamba ni adui aliyeingia mwilini, zikakaa tayari. Kwa sababu hiyohiyo, betaglukani isitolewe mwaka mzima bila kupumzisha, kwani kinga inayochochewa mfululizo inaweza kudhoofika.

Namna ya kuchanganya ndiyo inayowaangusha wengi. Usiloweke chakula. Koroga unga katika maji kidogo safi yasiyo ya moto, nyunyizia juu ya punje huku ukizigeuza, kisha zipake mafuta ya kula, vijiko viwili vya chai kwa kilo, ili unga usioshwe mara punje zinapogusa maji ya bwawa. Anika kivulini, ulishe siku hiyohiyo. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwanza wazi usiku kucha, kwa kuwa klorini huua bakteria hao unaowanunua kwa fedha nyingi.

Kabla hujanunua chochote, tafadhali kagua stoo yako. Sato hawezi kujitengenezea vitamini C, na vitamini hiyo huharibika upesi katika gunia lililokaa miezi chini ya bati. Unyevu wa pwani yetu nao huotesha kuvu kwenye chakula na kuleta sumukuvu, yaani sumu ya kuvu hao, ambayo hushusha kinga ya samaki. Chakula cha namna hiyo hakiokolewi na kiongeza chochote.

SWALI: Je, naweza kutumia antibiotiki za kuku kama kinga? (Msomaji, Bunju)

JIBU: Hapana, na ninakusihi usijaribu. Antibiotiki haichagui, huua hata bakteria rafiki wa utumboni, huzoesha vimelea kuhimili dawa, na mabaki yake humfikia mlaji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo katika chakula tangu Januari 2006. Samaki wakianza kufa, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, ongeza hewa, kisha mwite afisa uvuvi wa manispaa. Kwa uchunguzi, peleka samaki aliye hai lakini mgonjwa, katika mfuko wenye maji na hewa, kwa sababu aliyekufa huoza haraka kwa joto la Dar es Salaam na bakteria wa uozo hufunika wale waliomuua.