Nihame kwa mjomba?

SWALI: Shangazi, nilitoka Goma mwaka jana, naishi Nsambya, Kampala, kwa mjomba. Ni muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, tuko watu saba, na mimi nalala mlangoni. Anayetoka usiku ananiruka. Vijana wawili ninaouza nao vitenge wanataka tupange pamoja Katwe. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu kwanza, na mkataba uwe kwa jina langu peke yangu kwa kuwa mimi ndiye nina kitambulisho cha mkimbizi. Mjomba amenuna. Nifanyeje?

JIBU: Hama, mwanangu. Mjomba atakunjua uso tena; huo mkataba ndio unaonitia wasiwasi.

Jina likiwa lako peke yako, kodi yote ni deni lako. Mmoja akirudi Goma au akioa, mwenye nyumba atagonga kwako. Wenzako wakajiandikishe kwanza katika Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosajili wakimbizi, kisha majina yote matatu yaingie, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ashuhudie. Kila mnacholipa mpewe risiti. Mnaishi mjini kwa jasho lenu. Mgao wa chakula uko huko makambini, Nakivale na kwingineko, kwa hiyo kodi ikikwama hakuna wa kuwafidia.

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala kukutoa nyumbani bila amri ya mahakama. Wenye nyumba wengi hujifanya hawajaisikia, nawe usiwakumbushe siku ya kwanza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nendeni mkaone chumba mvua ikiwa imetoka kunyesha. Sehemu za chini za Katwe hujaa maji. Ulizeni Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba chenu au mnachangia na jirani mwenye pasi na friji, na choo kinatumiwa na nyumba ngapi. Dalali anayetaka pesa ya kuonyesha tu, mwacheni aende.

Sasa mjomba. Nadhani hajanuna kwa mapenzi tupu. Ulikuwa unachangia unga wa posho na mkaa. Mkalishe, mtajie kiasi utakachoendelea kutoa kila mwezi, kiwe kidogo unachokiweza, na ukitoe. Jumapili pita na sukari. Godoro, kama ulilinunua wewe, waachie watoto.