Mgonjwa akitolewa hospisi akiwa hai: mambo ya kuuliza kabla muuguzi hajaondoka

Dada mmoja wa Bombo, hapa Uganda, ameniandikia wiki hii. Mama yake ana saratani ya matiti. Wauguzi wa hospisi, yaani huduma ya kutuliza mateso ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, walimhudumia nyumbani miezi minane, maumivu yakatulia, kidonda kikakauka, akarudi kukaa uani na kumenya matoke. Kisha akaambiwa ameimarika na ziara zimekwisha. Majirani wakapiga vigelegele. Dada anauliza: mbona mimi silali tena, na mbona mama analalamika kwamba ametupwa?

Dada yangu, wala hamjakosa shukrani. Tangu Hospice Africa Uganda ianze mwaka 1993, kwetu hospisi si hasa kitanda cha kulazwa. Ni muuguzi anayekuja nyumbani, simu inayopokelewa, na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Mgonjwa akitolewa, vyote vitatu vinaweza kukatika siku moja, na ugonjwa bado uko mwilini. Marekani malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali, yamefungwa kwenye makadirio kwamba mgonjwa amebakiza miezi 6 au pungufu ya kuishi, kwa hiyo anayeendelea vizuri huweza kupoteza huduma kwa kuwa hafi upesi. Hapa Uganda sababu huwa nyingine: mgonjwa ametulia, amehamia kijijini ambako gari la hospisi halifiki, amerudi kwenye matibabu ya saratani katika hospitali ya Mulago, Kampala, au dawa za ARV za ukimwi zimemwinua. Kwa familia pigo ni lile lile.

Kwa hiyo usikubali kuagwa kwa mdomo tu. Omba barua yenye jina la ugonjwa, kila dawa na kipimo chake, tarehe ya kuonwa tena, namba ya simu, na dalili ambazo zikitokea mgonjwa anapokelewa upya. Ipige picha kwa simu yako. Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: mofini tutaipata wapi, na nani ataiandika? Tangu mwaka 2004 Uganda inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso, kuandika mofini, lakini si kila kituo cha afya kina mtu huyo, na si kila chenye mtu kina dawa. Nenda ukahakikishe chupa ikiwa bado nusu. Ukingoja iishe, utazunguka na bodaboda huku mgonjwa analia.

Mofini ndipo panapoharibika zaidi. Mgonjwa aliyeitumia wiki kadhaa akiikatisha ghafla hutoka jasho, huharisha, tumbo humkata, hutetemeka na kukosa usingizi, na familia hudhani ni malaria. Kama maumivu yamekwisha na mtaalamu amekubali ipunguzwe, kinachopunguzwa ni kipimo. Saa hazibadiliki. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi tu, ndiyo maana hutolewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na kipimo maradufu wakati wa kulala ili usiku asiamshwe. Mtu wa ml 10 anaweza kushushwa hadi 7.5, akakaa siku kadhaa, kisha 5, kisha 2.5, kwa ratiba ya aliyeiandika. Wanaomwacha kwenye ml 10 lakini wakampa mara mbili kwa siku humrudishia maumivu katikati, halafu husema dawa imeshindwa.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni chupa ya zamani kabatini. Mwili uliopumzika mofini husahau kipimo kikubwa. Maumivu yakirudi baada ya miezi miwili ukampa kile cha zamani, anaweza kulala asiamke, pumzi ikapungua. Tena rangi hutofautiana kwa nguvu: ya kijani ina mg 5 katika ml 5, nyekundu ina mg 50 katika ml 5, yaani mara kumi. Soma kibandiko kila mara, na chupa isiyotumika irudishe. Dawa ya kulainisha choo, bisakodili au mbegu kavu za papai zilizosagwa, iendelee mpaka mofini iishe.

Sasa wewe unayeuguza. Unashtuka usiku kwa sababu miezi minane sikio lako lilikuwa zamu. Pengine ulishamwombea mama apumzike, na sasa unaona haya kumtazama usoni. Wauguzaji wengi sana hubeba hilo kimya, na halikufanyi mwana mbaya. Ila pesa usizibebe kimya. Ndugu waliokuwa wakituma kwa simu huacha wakisikia amepona, wakati chakula, nauli na dawa viko pale pale. Waite ndani ya wiki ya kwanza, wasomee barua, na mgawane zamu angalau usiku mbili kwa wiki ulale chumba kingine. Kama shamba lilishagawanywa mama akiwa mahututi, mrudishieni neno lake: mali ni yake angali hai, na mzee wa ukoo alitamke hilo mbele ya wote.

Mama naye alikwisha kuwaaga watu akijua atakufa. Wagonjwa wengine huficha nafuu zao wasiachwe na muuguzi, wengine huficha maumivu wasiwachoshe watoto. Muulize kila jioni maumivu ni ngapi kati ya 0 na 5, uandike daftarini. Mpe kazi yake ya kweli, hata kuchambua maharage. Mtu aliyeondolewa kila kazi huona anangojwa afe.

Mrudishe kwa wataalamu akiamshwa na maumivu usiku mbili mfululizo, akishindwa kumeza dawa, kidonda kikianza kunuka au kutoka damu, au nguo zikianza kumpwaya upesi. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kuziba hayangoji kesho: saratani inaweza kuwa inabana uti wa mgongo, na akichelewa huenda asitembee tena.

Dada wa Bombo, umeandika kwamba hamkupewa barua. Piga simu hospisi Jumatatu asubuhi uidai, na uende na daftari lako.