Maswali ya Meno: Gego Lililovunjikia Kwenye Mabuyu

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mwaka jana nilitibiwa mzizi wa gego la chini, likazibwa. Wiki iliyopita natafuna mabuyu, nikasikia "ka!", ukuta mmoja wa jino ukatoka pamoja na nusu ya kile kilichozibiwa. Haliniumi. Daktari aniambia linataka krauni, dadangu aniambia ling'olewe yaishe. Kwa nini lisizibwe tena tu? Na hiyo krauni huwekwaje?
Mama watoto, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kutokuuma kusikutulize. Jino lililotibiwa mzizi halina tena mshipa wa kulalamika, laweza kuoza mpaka chini na wewe hujui.

Kuvunjika kwake kuna sababu. Ili kuifikia mizizi, daktari hutoboa paa la jino. Kuta zinazobaki hazina tena cha kuzifunga pamoja, kila ukitafuna zinatanuka kidogo, na siku moja kokwa ya buyu inaingia katikati kama kabari kwenye kuni. Ukiliziba tena vile vile, umeziacha kuta zikingoja kokwa nyingine. Krauni, au kofia ya jino, huzikumbatia kuta kwa nje zisitanuke. Ndiyo maana gego lililotibiwa mzizi karibu kila mara huvishwa kofia, ilhali jino la mbele ambalo halikuharibika sana laweza kuishi kwa kuzibwa tu.

Lakini kabla hujakubali, muulize daktari wako hivi: "Juu ya ufizi limebaki jino lenyewe, lisilooza wala kuvunjika, la milimita ngapi?" Jibu unalolitaka ni 2 au zaidi, kuzunguka jino lote. Milimita 2 ni kama unene wa njiti ya kiberiti, na hapo ndipo kofia inapokamata. Pasipokuwapo, kofia itashikilia dawa ya kuzibia peke yake na vyote viwili vitang'oka pamoja. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu hutumia muda wao kuchagua rangi na aina ya kofia, na jambo hili hawaliulizi kabisa.

Ukuta ukiwa umekatikia chini kidogo ya ufizi, daktari anaweza kupunguza ufizi na mfupa ili jino lijitokeze. Ufa ukiwa umeteremka mzizini, hapo dadako ana haki, ling'olewe. Eksirei peke yake haitoshi, maana ufa mwembamba mara nyingi hauonekani. Daktari hupima pembeni mwa jino kwa kijiti chenye alama za milimita. Kila mahali kikiingia 2 au 3, kisha sehemu moja nyembamba kikazama ghafla 7 au 8, ashuku ufa.

Jino likipita mtihani huo, kazi huwa ya safari mbili. Safari ya kwanza ni ndefu, saa moja au zaidi. Rangi huchaguliwa mwanzo kabisa, karibu na dirisha, meno yakiwa bado na mate. Jino likishakauka huwa jeupe kuliko lilivyo, na kofia iliyopimwa wakati huo itakuja nyeupe kupita wenzake. Kisha ganzi. Ndiyo, hata jino lisilo na mshipa, kwa sababu ufizi unasikia. Kilichovunjika hujengwa upya kwa dawa ngumu. Pengine ataweka nguzo, yaani kijiti kigumu, ndani ya mzizi. Wengi hudhani nguzo inalitia jino nguvu, kumbe kazi yake ni kushikilia kile kilichojengwa tu, na nafasi inayochongwa kwa ajili yake huupunguza mzizi. Kama kuta zimebaki za kutosha, nguzo haina haja.

Baada ya hapo jino huchongwa, juu milimita 1.5 hadi 2 ikiwa kofia ni ya kauri, pembeni 1 hadi 1.5, na kuta zikiinama kidogo tu kuelekea juu. Zikiinama mno kofia huchomoka kama kofia ya kiua kwenye kichwa kidogo. Uzi mwembamba husukumwa kati ya ufizi na jino ili ukingo, yaani pale mchongo unapoishia, uonekane, ndipo chapa ya umbo la jino ichukuliwe kwa silikoni. Tulia dakika zile nne tano bila kuusogeza ulimi. Chapa iliyochezeka ukingoni huzaa kofia yenye mwanya, na hakuna gundi inayoziba mwanya huo kwa muda mrefu. Siku hizi baadhi ya kliniki hupiga picha kwa kamera ndogo ya mdomoni badala ya silikoni. Ni sawa, mradi ukingo uwe mkavu na uonekane.

Utaondoka na kofia ya muda ya plastiki, iliyogandishwa kwa simenti dhaifu makusudi ili itoke kwa urahisi. Hapo ndipo mambo huharibika. Usitafunie upande huo halua, kashata wala bazoka. Ukipitisha uzi wa meno, uchomoe kwa pembeni, usiuvute juu. Ikitoka, rudi siku hiyo au kesho yake. Ukikaa wiki bila kofia, meno jirani husogea na ufizi huota juu ya ukingo, na kofia ya kudumu ikija haiingii. Maabara huchukua wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usianze kazi hii Ramadhani ikiwa ukingoni. Utaikuta Idi na kofia ya muda mdomoni, na halua mbele yako.

Safari ya pili, usiruhusu igandishwe kabla haijajaribiwa. Uzi wa meno upite kwa kubana kidogo kila upande, ukingo usiwe na ngazi, na karatasi ya rangi uiume mpaka alama zilingane na za meno mengine. Kofia iliyozidi kimo hata kwa unywele itakuuma kila ukitafuna. Ukiona hivyo kesho yake, rudi ipunguzwe, usingoje uizoee. Mwisho daktari apitishe uzi kuondoa simenti iliyobaki chini ya ufizi, maana hiyo huvimbisha ufizi na kutoa damu.

Kuhusu malipo, omba hesabu iliyoandikwa, ikitaja kujenga jino, kofia ya muda na kofia yenyewe kila moja mbali.

SWALI: Nina kofia ya jino mwaka wa sita sasa. Kwenye ufizi pana mstari mweusi, na nikipitisha uzi unatoka umechanika na una harufu. Kofia imeoza?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kofia haiozi, kinachooza ni jino lililo chini yake. Mambo mawili hayo uyatenganishe. Mstari mweusi kwa kawaida ni chuma kilicho ndani ya kauri, kimeonekana baada ya ufizi kushuka. Ni suala la sura tu. Uzi kuchanika na kunuka ni jambo jingine. Ukingo una mwanya au ngazi, chakula kinakaa humo, na huenda jino limeanza kuoza hapo hapo. Nenda ndani ya wiki hizi, lipigwe eksirei ya pembeni inayoonyesha ukingo. Uozo ukiwa mdogo huzibwa, ukiwa mkubwa kofia hukatwa, jino husafishwa na mpya hutengenezwa. Kwa sasa, piga mswaki ukiulaza nusu juu ya ufizi na nusu juu ya kofia, kwa dawa yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm. Nambari hiyo huandikwa kwenye boksi au nyuma ya tyubu. Tema, usisukutue kwa maji mengi.

SWALI: Naoa mwezi ujao nataka jino la dhahabu kwenye chonge. Kuna fundi anaweka bila kuchonga, dakika kumi tu. Kuna ubaya?
Bwana harusi mtarajiwa, Majengo

JIBU: Hongera kakangu, na tunakuomba usifanye. Dhahabu yenyewe haina kosa. Kwenye gego lililovunjika ni kofia nzuri mno, inachongewa kidogo kuliko kauri na haisagi jino linalogongana nayo. Tatizo ni kibati kilichopachikwa juu ya jino zima bila kuchonga. Ukingo wake hubaki umening'inia juu ya ufizi, uchafu hujificha chini yake, na chonge hugongwa kila ukifunga mdomo. Na ukisema lichongwe vizuri, utakuwa umekata enameli (gamba gumu la nje la jino) isiyo na kosa, ambayo haioti tena. Jino zima liache lilivyo. Yeyote atakayekugusa meno, tafuta jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Ipo mtandaoni, na leseni huhuishwa kila mwaka.

SWALI: Kofia imetoka nikila hamri. Nimeiweka kwenye tishu. Naweza kuigandisha kwa supa gluu?
Bibi wa Mji wa Kale

JIBU: La, bibi yetu. Gundi hiyo huunguza ufizi, na ikiganda vibaya daktari hawezi kuirudisha kofia pale pale. Itoe kwenye tishu kabla haijatupwa na wajukuu, ioshe, iweke kwenye kichupa. Kisha itazame ndani penye mwanga. Ikiwa tupu, yenye simenti tu, yamkini itagandishwa tena kwa ziara moja. Ukiona imejaa kipande cha jino, jino limekatika, na kazi itakuwa kubwa zaidi. Ukipiga simu kliniki waambie ni ipi kati ya hizo mbili, wakupangie muda unaotosha. Usilale nayo mdomoni ikiwa imelegea, usije ukaimeza.