Usiiandikie Tume kabla hujaomba uamuzi uangaliwe upya

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umesema uko Dundee, malipo yako ya ulemavu yamepunguzwa kwa barua uliyoipata siku 20 zilizopita, na sasa unaandaa waraka wa kurasa sita kwa Tume ya Hifadhi ya Jamii ya Uskoti kwa sababu umesikia ni chombo huru kinachoikagua serikali. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Glasgow mwaka 2024, nikayaamini, yakanigharimu pauni 35.90 kila wiki.

Ni kweli Tume ni huru. Iliundwa kwa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Uskoti ya mwaka 2018, baada ya Bunge la London kuikabidhi Edinburgh, yaani serikali na bunge la Uskoti, mamlaka juu ya baadhi ya mafao kwa sheria ya mwaka 2016. Waziri anapotaka kutunga kanuni za mafao makuu, hulazimika kuipelekea Tume rasimu, nayo huipima kwa misingi minane ya sheria hiyo na kwa haki za binadamu, kisha hutoa ripoti ambayo waziri hana budi kuijibu anapopeleka kanuni bungeni. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu, lakini kinachopimwa pale ni kanuni, si faili lako. Mkaguzi wa mizani sokoni hakurudishii sukari uliyopunjwa jana.

Barua yangu ilinishusha kutoka kiwango cha juu cha mahitaji ya kila siku, yaani sehemu ya malipo ya ulemavu ya anayehitaji msaada katika shughuli za kila siku, pauni 108.55 kwa wiki kwa mwaka ule wa fedha, hadi kiwango cha kawaida cha pauni 72.65. Niliibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji, ukurasa wa kwanza ukiwa mbele. Ukurasa wa nyuma, uliosema kwamba nina siku 42 za kuiomba ofisi ya mafao iliyoniandikia iuangalie upya uamuzi wake, ukabaki umeelekea mlango. Nilipita pale kila asubuhi kuchukua maziwa ya chai, huku nikisubiri jibu la Tume. Lilipokuja, kwa adabu kabisa, lilisema kwamba Tume haishughulikii shauri la mtu mmoja mmoja. Nikaibandua barua, nikaigeuza, nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya 51.

Kwa kawaida sheria inaruhusu kuchelewa, hadi mwaka mmoja, ukiwa na sababu ya msingi. Sababu yangu haikukubaliwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu anayepinga uamuzi uliompunguzia malipo anaweza kuomba msaada wa muda mfupi unaoziba pengo wakati shauri linaendelea, na kwa kawaida hadaiwi kuurudisha hata akishindwa. Mimi sikuugusa, kwa sababu kisheria sikuwa nimepinga chochote.

Aliyenielekeza huko ni mtu wa jamii yetu anayejiita mshauri. Alinitoza pauni 40 kuniandikia waraka, akanihakikishia kwamba "chombo huru kikisema, ofisi inatii", na hakuniuliza hata mara moja barua yangu ilikuwa ya tarehe ngapi. Mtu anayepokea fedha ya mgonjwa bila kuuliza tarehe hafai kuitwa mshauri, na ninalisema hili kwa hasira niliyo nayo mpaka leo. Sheria ileile ya 2018 inampa mwenye ulemavu haki ya mtetezi huru wa kumsaidia bila malipo.

Kwa hiyo, mkuu, umebakiwa na siku 22. Ipigie simu leo ofisi ya mafao iliyokuandikia barua, omba uamuzi uangaliwe upya, omba na msaada wa muda mfupi katika simu hiyohiyo, na uandike saa na jina la aliyekupokea. Wakikataa, una siku 31 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa, chombo huru kinachoamua mashauri kama mahakama, ambalo tofauti na Tume lina uwezo wa kubadilisha malipo yako. Ukimaliza hayo yote, waandikie Tume hizo kurasa sita: wana uwezo wa kuripoti pale ahadi za Hati ya Hifadhi ya Jamii, yaani waraka rasmi unaoeleza huduma ambayo mwombaji mafao atarajie, zisipotimizwa, na yaliyokupata yanaweza kuwa ushahidi wao.